Huyu Mutu Namujua

Kitu cha kwanza alichofanya kila alipoingia kwenye nyumba yenye harusi ni kuomba viti visogezwe ukutani. Hakukaa, hakuuliza maandalizi yamefika wapi, na chai aliyopewa aliiacha ipoe mezani. "Musogeze viti," alisema, "tena mufunge pazia." Kisha aliwageukia baba na mama wa bibi harusi, watu wazima ambao hawakuwa wameshikana mikono mbele ya mgeni tangu siku waliyooana, akawaambia wasimame wacheze.

Nyamirambo nzima, mtaa wetu wa Kigali, ilimwita Mzee wa Sono. Sono ndivyo tulivyoita vyombo vya muziki: spika mbili kubwa kama makabati, amplifaya, deki ya kanda, na mashine ya santuri ambayo aliifunika kwa shali ya mke wake vumbi lisiingie. Uzee wenyewe hakuwa nao sana. Kazi yake ya mshahara ilikuwa wizarani, ambako alivaa tai kila siku na kumwogopa kila aliyemzidi cheo, hata awe amemzidi kwa unyoya. Sono ilikuwa kazi ya Jumamosi. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, msiniulize. Sisi tulikua tukamkuta yupo, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Watu wengi hudhani wimbo wa wazazi harusini unachaguliwa kama mchuzi, kwamba unaangalia kilichopo unapakua. Yeye jambo hilo lilimkasirisha. Alisema bibi na bwana harusi hawana taabu, ni vijana, hata ukiwapigia kengele ya kanisa watacheza. Wazazi ndio kazi, maana wazazi wanacheza mbele ya watu wanaozijua siri zao. Kwa hiyo alichunguza. Hakumuuliza mama wa watu anapenda wimbo gani, kwa sababu, alisema, mtu ukimuuliza anachopenda atakutajia wimbo wa misa. Alimuuliza, "Mama, ukiosha masahani unaimbaga nini?" Akamuuliza baba, "Ukitoka kunywa, kwenye mteremko, unatembeaga haraka ao polepole?" Halafu aliwachezesha pale sebuleni, pazia limefungwa, watoto wamefukuzwa, yeye amesimama na mikono nyuma akitazama miguu. Nyuso hakuzitazama kabisa. Na hakuna aliyeruhusiwa kujichagulia wimbo wake mwenyewe. "Mutu hajijui," alisema. "Anajulikana tu na wengine."

Kulikuwa na mkuu wa shule mmoja aliyetaka valsi ya Kifaransa, ya vinanda, ili wageni waone kwamba amesoma. Mzee wa Sono aliitika "ndiyo, bwana mkuu" mpaka siku ya harusi, halafu akampigia wimbo wa rumba uliokuwa ukipigwa kwenye vilabu vya pombe ya ndizi enzi za ujana wao. Mke wa mkuu wa shule alipiga ukelele, akamvuta mumewe kwa tai, na walicheza mpaka miwani ya mwalimu ikaanguka. Mkuu wa shule alinuna mwezi mzima. Kisha nilimwona mwenyewe akija jioni, amejifunika kofia, kuazima ile kanda.

Wapambe aliwafanyia mazoezi uani kwake. Aliwapanga wawili wawili kwa urefu, mvulana na msichana, na mchana mzima waliutumia kutembea tu, bila muziki, mpaka walipoacha kucheka. Waliomwomba wimbo wa kurukaruka walipewa, lakini kwa sharti kwamba viatu vimepigwa rangi hata nyayoni, kwa sababu mtu akiruka nyayo zinaonekana. "Mupambe ni fremu," aliwaambia. "Watu wakianza kusifu fremu, picha imeharibika." Mimi nilikuwa mpambe mara tatu chini ya mkono wake, na bado naweza kutembea hatua zile nikiwa nachota maji.

Yeye mwenyewe hakucheza. Hata siku moja. Mke wake, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, alicheza peke yake pembeni ya spika, na ukimuuliza mumewe kwa nini hamsaidii alijibu kwamba mpishi hashibi kwenye chungu chake. Nadhani aliogopa kutazamwa miguu. Mtu aliyewafungulia wengine pazia, lake mwenyewe alilifunga, na hilo lingetosha kutuonya kama tungekuwa watu wa kuonyeka.

Sasa nije kwenye desturi yake iliyowavuta watu harusini kuliko hata nyama. Kabla wazazi hawajaanza kucheza, alisimamisha kila kitu, akashika maikrofoni, akasema mbele ya ukumbi mzima: "Huyu mutu namujua." Ndivyo alivyoanza siku zote. Kisha alitaja jambo moja, moja tu, dogo, la kweli. "Huyu mama namujua. Asubuhi anagombanaga na kuku, saa ya mchana anawaomba musamaha na mahindi. Wimbo wake ni huu." Au: "Huyu baba namujua. Akipata habari mubaya, haliagi. Anaenda kukata majani ya lupango." Lupango ni ua wa nyumba, na baba yule kweli alikuwa na ua uliokatwa vizuri kuliko wote mtaani, na watu walipoelewa kwa nini, walinyamaza, halafu wakapiga makofi. Nimewaona wanaume wagumu wakitafuta leso kwa sababu ya maneno yale. Kuambiwa hadharani kwamba unajulikana si jambo dogo, na tulimpenda kwa ajili yake.

Baba yangu alikuwa rafiki yake. Nasema rafiki kwa maana ya kawaida ya neno, watu waliokaa baraza moja kila Jumapili miaka na miaka. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa, na nusu ya santuri za Mzee wa Sono zilikuja chini ya kiti cha lori lile, zimefungwa kwenye blanketi, zimevuka Kenya na Uganda kwenye mashimo yote ya njia. Moja ilifika na mkwaruzo. Ulikuwa wimbo wa bendi ya pwani, wa taratibu, gitaa mbili zinazosemezana, na pale gitaa linapoanza kupanda sindano iliruka. Mzee wa Sono alitaka kuitupa. Baba akamwambia aiache, akajifunza kuruka pamoja nayo: anacheza polepole barazani, glasi mkononi, na sindano ikiruka naye anaruka, hamwagi hata tone. Baba alikuwa mchezaji. Mama alijifanya anaona haya, akiingia ndani kila wimbo ule ulipowekwa, na sisi watoto, mimi na mdogo wangu Agnesi, tulimwona akichungulia dirishani.

Mwaka wa tisini, waasi walipoingia kutoka Uganda na vita vikaanza kule mpakani, mtu yeyote mwenye safari za Uganda alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja askari walikuja na konseye, kiongozi wa sekta yetu, wakamtoa Baba akiwa na fulana ya ndani. Walimsimamisha barabarani. Mzee wa Sono alikuwa getini kwake anafuta santuri kwa kitambaa, kama alivyofanya kabla ya kwenda kazini. Konseye akamgeukia.

"Weye uko jirani yake. Huyu dereva unamujua? Huko Uganda anafikiaga kwa nani?"

Mzee wa Sono alimtazama Baba. Akaitazama ile santuri mkononi mwake, ambayo huenda ilikuja kwa lori lile lile. "Simujui," alisema. "Namuonaga tu akipita."

Baba aliinua kichwa mara moja, kama mtu aliyeitwa, kisha akakiinamisha. Wakampandisha garini. Mimi nilikuwa nimemshika Agnesi mkono, Mama amesimama mlangoni na kanga ya kulalia, na aibu niliyoisikia sikuwahi kuisikia kabla wala baada ya hapo. Sikuona haya kwa ajili yetu. Sisi tulikuwa tumeonewa, na mtu aliyeonewa hana la kuficha. Niliona haya kwa ajili yake. Nilitamani asingekuwa amefungua geti asubuhi ile.

Angesema nini? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni moja. Angesema "namjua," angepanda gari lile lile. Walioulizwa mtaani siku zile walikuwa wengi, na majibu yao yalifanana. Lakini hao wengine hawakuwa na desturi ya kushika maikrofoni.

Miezi aliyokaa Baba gerezani, Mama alibeba chungu cha maharage kichwani kwenda kupanga foleni pamoja na wake wengine, na watu waliotuamkia zamani walianza kuona vitu muhimu upande wa pili wa barabara. Nilijifunza kutembea nikitazama chini. Msichana wa mfungwa hujifunza upesi. Uchumba wangu ulisimama, kwa sababu wakwe walitaka kwanza kuona mambo yatakavyokwenda. Mzee wa Sono hakuvuka barabara. Yeye, kila tulipopita mbele ya nyumba yake, alikuwa anapunguza sauti ya muziki. Tukishapita, sauti inarudi. Mama alichukia jambo hilo kuliko matusi. "Hata redio yake inatuogopa," alisema.

Baba alirudi mwaka uliofuata, mvua zikiwa bado, akitembea kwa kingo za nyayo. Walimpiga chini ya miguu, na mifupa midogo ilipona vibaya. Lori alilipata mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza alijikokota mpaka getini, Mzee wa Sono akawa anapita na tai yake, na Baba akamwamkia, "Mwaramutse," kama siku zote. Yule mtu alijibu huku anakimbia.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," Mama alisema ndani, kwa sauti ya kusikika nje. "Huyo alitufaa nini?"

"Si mtu mbaya," Baba alisema. "Ni mwoga. Mwoga unamwekea kiti karibu na mlango, basi."

"Kiti changu mimi simpi."

Walibishana hivyo mpaka mwisho, kila mmoja kwa neno lake. Mimi nilikuwa upande wa Mama, tena kwa moyo wote. Na bado Jumamosi, nikisikia spika zake zinajaribiwa kwa ajili ya harusi ya watu, mguu wangu ulianza kutembea hatua za mpambe bila ruhusa yangu. Hilo pia lilinitia haya.

Wakwe waliporudi na siku ikapangwa, Baba alisema sono ni ya Mzee wa Sono. Mama aliweka mwiko chini. Baba akasema mtaani hakuna harusi bila yeye, tukimruka watu watasema sisi ndio tuna neno. "Na tunalo!" Mama alisema. Baba alivaa viatu vyake vya turubai, akashuka njia mwenyewe, polepole, kwenda kumwomba. Ilimchukua muda mrefu kwenda na muda mrefu zaidi kurudi, na majirani wote walimwona akiipita milango yao.

Basi akaja kwetu, kama alivyokwenda kwa kila mtu. Viti vilisogezwa. Pazia lilifungwa. Mama alikataa kusimama, akakaa ameupa mlango mgongo. Baba alisimama katikati ya sebule peke yake, mikono imening'inia, anatabasamu. Mzee wa Sono alitazama chini kama kawaida yake, akaona vile viatu vya turubai vilivyokatwa pembeni ili miguu iingie, na macho yake yakahama upesi kwenda ukutani, kwenye kalenda. Hakumuuliza Mama anaimba nini akiosha sahani. Hakumuuliza Baba lolote. Kwetu hakuwa na la kuuliza, alijua kila kitu. Aliaga akiwa tayari yuko nje, na chai yake, ambayo mimi ndiye niliyeipika, nikaimwaga.

Tafrija ilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa parokia, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Mbele kabisa, kwenye viti vya wageni wa heshima, alikaa konseye. Usishangae. Harusi haikosi kiongozi wa sekta, na yeye alikuwa ndiye huyo huyo, amevaa suti, anakunywa soda kwa mrija. Tuligawana naye keki.

Mimi na mume wangu tulifungua dansi. "Huyu binti namujua," Mzee wa Sono alisema. "Alikuwa mupambe wangu. Akichoka anauma mudomo wa chini." Watu wakacheka, nami nikauachia mdomo. Wapambe wakafuata, viatu vyao vimepigwa rangi mpaka nyayoni. Kisha wazazi wa mume wangu, ambao alikuwa amekutana nao mara moja tu, na akawasemea vizuri: "Huyu baba namujua. Anaogopa mbwa, lakini anasemaga ni mbwa wanamuogopa." Ukumbi ulicheka mpaka konseye akafuta macho.

Halafu Baba na Mama wakasimama. Mama alikubali dakika ile, kwa ajili yangu. Wakaingia katikati, Baba ameegemea mkono wa Mama zaidi kuliko ilivyoonekana. Ukumbi ulinyamaza, na haukuwa ule ukimya wa kungoja kichekesho. Karibu kila mtu mle ndani aliijua habari ya asubuhi ile ya getini. Mzee wa Sono aliinua maikrofoni. Niliona midomo yake ikifunguka. Nilimtazama nikimwomba kwa moyo, sema. Maneno matatu. Si lazima utaje gereza, sema hata kwamba Baba huchovya mkate kwenye chai mpaka ukatike, sema lolote ambalo jirani analijua. Macho yake yalikwenda kwenye viti vya mbele. Konseye alikuwa ameacha mrija, anamtazama kwa utulivu tu, kama mtu anayengoja kuhudumiwa.

Mzee wa Sono aliiweka maikrofoni juu ya meza, akaishusha sindano.

Ulikuwa ni ule wimbo. Wa pwani, wa gitaa mbili, wenye mkwaruzo. Wimbo ambao mtu aweza kuucheza kwa mabega tu, miguu imesimama, bila mtu kumwonea huruma. Katika santuri na kanda zote za nyumba ile hapakuwa na mwingine ambao ungemfaa Baba na miguu yake na mke wake na maisha yake yote. Alimjua hivyo. Alimjua mpaka pale, na mdomo wake ulishindwa. Baba alicheza. Mama alitazama dari. Gitaa likapanda, sindano ikaruka, na Baba, ambaye asingeweza kuruka, akanyanyua bega moja na kucheka. Nililia kwa aibu, na wageni walisema bibi harusi analia kwa furaha.

Wimbo ulipokwisha Baba alikwenda mpaka kwenye meza ya sono. "Asante," alisema. "Umechagua vizuri." Yule mtu alikuwa anashughulika na nyaya ambazo hazikuwa na tatizo. Sahani yake ya chakula ilirudi jikoni haijaguswa.

Tangu siku ile hakusema tena "Huyu mutu namujua," kwenye harusi yoyote. Watu walilalamika. Wengine walidhani anataka aongezewe posho. Alipiga nyimbo kwa mpangilio, zilizochaguliwa vizuri kama zamani, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa kimya. Nami, mke wa mtu sasa, nikija kumtembelea Mama na kumkuta njiani, nilimwamkia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili aone haya. Aliona.

Yaliyotokea mwaka wa tisini na nne sitayasimulia hapa. Wanaoyajua wanayajua, na haya ni maneno ya mtu mmoja. Nilikuwa Bukoba, mume wangu alikuwa amepata kazi kule. Baba na Mama waliuawa mtaani kwetu, mchana, nyumba ya tatu kutoka kwake. Agnesi aliponea mtaa wa Biryogo, juu ya dari ya watu waliomficha bila kumjua jina. Niliporudi nilimuuliza kuhusu Mzee wa Sono, alifanya nini. "Alifunga mlango," Agnesi alisema. Milango mingi ilifungwa. Sikuuliza zaidi, na nyumba yake niliipita kwa mbali: spika zilikuwa zimechanjwa kuni, mashine imeibwa, mke wake amekufa kwa ugonjwa kwenye kambi ya wakimbizi walikokuwa wamekimbilia. Yeye alirudi peke yake.

Kabla mwaka haujaisha Agnesi akaolewa. Siku zile watu walioana upesi, kama wanaoogopa kuchelewa gari. Kijana alikuwa amekulia Uganda, ndugu zake wakiwa wamerudi kutoka ukimbizini na magari, redio kubwa, na nyimbo za Kampala ambazo sisi hatukuzijua. Tafrija ilikuwa Kagarama, kilima kingine cha mji, uani kwa shemeji yake mmoja, chini ya mahema ya plastiki. Upande wa bwana harusi ulijaa. Upande wetu tulitosha benchi moja.

Na mwisho wa benchi, tai shingoni, nikamwona ameketi. Alikuwa ametoka Nyamirambo kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba.

Nilimvuta Agnesi pembeni. "Nani alimwalika huyu?"

"Mimi."

"Agnesi!"

"Dada, tafuta mwingine aliyebaki mtaani aliyemwona Baba akicheza barazani," alisema. "Mtaje, nimwondoe yeye."

Nilirudi kwenye benchi letu.

Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu wa kutoka Kampala. Bibi na bwana walicheza, wapambe wakacheza, na miguu yao ilitupwa kila upande, hakuna aliyewafundisha kutembea. Kisha akatazama ratiba yake, akatutazama sisi wa benchi, akashusha sauti kwa adabu. "Sasa iko hapa dansi ya wazazi wa bibi harusi, lakini hiyo tutaruka, sindiyo? Tuendelee tu mbele."

"Hapana," Mzee wa Sono alisema.

Alikuwa amesimama. Alitembea mpaka mbele, akamnyooshea kijana mkono kama anayedai chake, na kijana, kwa heshima ya mvi, akampa maikrofoni. Aliishika kwa mikono miwili. Nilitamani kuzama. Niliwaza, asithubutu. Pia niliwaza, akinyamaza tena leo nitamfukuza kwa jiwe.

"Baba ya huyu binti," alisema, "huyu mutu namujua."

Uani hapakuwa na wa kumtisha sasa. Hapakuwa na konseye wala askari, na maneno hayakumgharimu kitu tena. Hilo lilinichoma, na yeye pia alilijua, maana hakuitazama hadhira. Alimtazama Agnesi.

"Alikuwa naniletea santuri chini ya kiti ya lori. Ikifika na kovu, alikuwa nakataa nisitupe, anacheza na kovu yake. Mwaka ya vita waliniuliza, unamujua? Nikasema simujui. Kwa harusi ya dada yako nikanyamaza. Na ile siku ya mwisho nikasikia sauti yake, nikafunga mulango. Namujua. Mama yako naye namujua, alikuwa nachungulia kwa dirisha." Mkono wake ulitafuta hewani mahali ambapo mashine ya santuri ingekuwa. "Wimbo yao sina. Waliiba vyote."

Akamaliza. Katikati ya ua palibaki udongo mtupu, hakuna aliyecheza, hakuna kilicholia.

Halafu wageni wa bwana harusi, watu wema waliokuja juzi, wasiojua huyu ni nani wala geti gani, wakapiga makofi. Walidhani ni risala. "Makofi kwa muzee wetu!" kijana wa Kampala alisema, akakonyeza, na redio kubwa ikapasuka kwa wimbo wa haraka, wapambe wakarudi mbio uwanjani. Nami, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nilipiga makofi pia. Mikono yangu mwenyewe. Agnesi hakupiga. Alikuwa amekaa wima, amefunga macho, na bega lake moja limepanda kidogo.

Mzee wa Sono alibaki katikati ya wachezaji, hajui atokee wapi. Walimpiga kikumbo huku wanacheka. Mwishowe alipenya, akaja mpaka kwenye benchi letu, na mahali pake palikuwa pameshachukuliwa na mgeni. Kulikuwa na kiti kimoja tu, pembeni yangu, karibu na njia ya kutokea, na juu yake nilikuwa nimeweka mkoba wangu.

Alisimama mbele yangu. "Nimechelewa," alisema.

"Ndiyo," nilisema.

Mama asingempa kiti. Baba angekwisha kumwekea. Mimi ni mtoto wa wote wawili: nilichukua mkoba wangu nikaupakata, akakaa, na hatukusemeshana mpaka harusi ikaisha.